Jumatano Alasiri Isiguswe

Bwana Mhariri,

Tafadhali nipe nafasi katika kurasa zetu za Kiswahili nipate kusema machache kabla sijaondoka. Mwaka wa masomo umefika ukingoni, mitihani ya taifa i mlangoni, na sisi wa kidato cha sita twahesabu siku. Desturi ya gazeti hili ni kwamba anayeondoka huandika shukrani kwa walimu, kwa wapishi na kwa wenzake, na shukrani hizo ninazo tele. Lakini naomba nisizimalizie karatasi yote, kwa maana liko shauri lililoachwa kiporo, nalo litaamuliwa mwaka ujao nami sipo.

Shauri lenyewe wengi walijua. Muhula huu baadhi ya viranja, pamoja na wenzangu wengi wa darasa la mtihani, walipendekeza kwamba michezo ya Jumatano alasiri ifutwe kwa kidato cha tatu na cha sita, saa za bustani za Jumamosi zifutwe pia, na taa za chumba cha kusomea ziachwe zikiwaka hadi saa 6 usiku. Mkuu wa shule alisikiliza, akasema viranja wapya watalitazama baada ya likizo kubwa. Mimi nalipinga. Mwaka huu nilikuwa kiranja wa michezo, kwa hiyo najua watakuwapo watakaosema kwamba mwamba ngoma huvutia kwake. Na waseme, lakini wasome kwanza mpaka mwisho.

Wanaotaka Jumatano ifutwe si wajinga. Hoja yao yatoka nyumbani. Katika shule hii wamo watoto wa wachuma chai wa Shagasha, watoto wa wakulima wa mpunga wa bonde la Bugarama, na watoto wa akina mama wa Kamembe ambao riziki yao ni kuvuka daraja na kapu la biashara kwenda Bukavu. Mwaka 2022 serikali iliweka kiwango cha ada ya bweni kisichozidi faranga 85,000 kwa muhula katika shule zake na zile inazozisaidia, na mzigo ukapungua kwa wengi. Hata hivyo mihula ni 3, na faranga 255,000 kwa mwaka si fedha za kuokota njiani. Mwana akikumbuka jasho hilo, huona haya kukimbiza mpira huku mtihani wamngoja. Mwenzangu mmoja aliniambia, "Kaka, mama hakuuza ndizi ili mimi nicheze voliboli." Neno hilo lilinikaa moyoni siku nyingi, na sikuwa na jibu la haraka.

Jibu nililolipata baadaye ni la hesabu. Kengele yetu ya asubuhi hulia saa 11 alfajiri. Taa za bweni huzimwa saa 4 usiku. Hizo ni saa 7 za kulala, kwa yule ambaye usingizi humchukua mara moja wala hasikilizi hadithi za kitanda cha pili. Madaktari wanaochunguza mambo ya usingizi wasema kijana wa miaka 13 hadi 18 ahitaji saa 8 hadi 10. Mimi nina miaka 19, labda nimeponea chupuchupu, lakini wadogo zetu wa kidato cha tatu hawajaponea. Taa zikiwaka hadi saa 6 usiku, zile saa 7 zitabaki 5. Tena madaktari hao hao wasema kwamba ni wakati wa kulala ndipo ubongo huyapanga na kuyashika yale mtu aliyosoma mchana. Basi anayejinyima usingizi ili asome ni kama mtu ajazaye maji katika mtungi uliotoboka, naye akiona maji hayapandi huongeza mbio za kwenda kisimani.

Wala hatuna haja ya kungoja shauri lipite ili tuone matokeo yake. Wapo wanaosoma chini ya blanketi kwa kurunzi tangu muhula wa pili. Asubuhi ukimwuliza mmoja wao swali la kemia, akutazama kama mtu aliyeshuka mtumbwini sasa hivi baada ya kuvua usiku kucha.

Na kwa kuwa nimetaja mtumbwi, niruhusuni niseme habari za wavuvi. Mimi ni mtu wa kisiwa cha Nkombo, na kwetu mazungumzo yoyote ya kazi huanzia ziwani. Ninyi wanafunzi wa zamani mlioondoka siku nyingi mkaenda Kigali na ng'ambo, nawakumbusha tu. Ninyi wa hapa mwajua. Mitumbwi 3 hufungwa pamoja kwa miti mirefu, ikatoka jua linapozama, na taa juu yake. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi nyingi ni taa za betri. Wavuvi hupiga makasia kwa wimbo, mmoja akianzisha na wengine wakipokea, na jioni ikiwa tulivu sauti zao hufika mpaka kwenye vilima. Wakifika mahali wanapopataka, huteremsha wavu, wakakaa wakingoja sambaza wakusanyike chini ya ile nuru, kisha huuvuta juu wote kwa pamoja. Sambaza wenyewe si wenyeji wa Kivu. Waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo ndio chakula na fedha ya watu wengi wa pande zote mbili za ziwa.

Nilipomweleza mwenzangu habari hizi, alipiga makofi. "Umejifunga mwenyewe," akasema, "hao ndio wanaokesha!" Nikamwambia kwamba ameona nusu tu ya kazi. Mvuvi akesha usiku na alala mchana; hajidai kufanya yote mawili. Tena mwezi ukiwa mpevu haendi, maana taa haina nguvu mbele ya mbalamwezi, na samaki hawaji. Siku hizo hushona nyavu, huziba mitumbwi inayovuja, huwatembelea wakwe, hulima. Zaidi ya hayo, kila mwaka, mara nyingi karibu na mwezi wa Agosti, serikali huufunga uvuvi wa ziwa kwa muda wa miezi 2 hivi, samaki wapate kuzaa na wadogo wakue. Sitaficha kwamba miezi hiyo ni migumu. Katika nyumba nyingi za kisiwani chumvi hununuliwa kwa deni, na watoto huuliza ziwa litafunguliwa lini kama vile sisi tunavyouliza likizo. Lakini waulizeni wazee, watawaambia jinsi mitumbwi inavyorudi mizito mara ziwa linapofunguliwa.

Wapo pia wasioweza kungoja. Hao huvua kwa siri katika miezi iliyokatazwa, kwa nyavu haramu ziitwazo kaningini, ambazo macho yake ni madogo mno hata vifaranga vya samaki haviponi. Usiku ule hupata kitu, sikatai. Asubuhi wana samaki nao wengine hawana. Lakini wamekula sambaza wa mwaka ujao, wa kwao na wa jirani zao. Kila nionapo kurunzi chini ya blanketi, nafikiri juu ya kaningini.

Katika mitumbwi ile nimeona pia namna ya kuongoza watu, na hapa ndipo ningependa viranja wapya wasome polepole. Anayeanzisha wimbo naye ana kasia mkononi. Hakai juu ya miti akitoa amri. Wala hapigi makasia ya wote peke yake. Angejaribu, mitumbwi ingezunguka mahali pamoja mpaka kukuche. Sisi shuleni tumezoea viranja wa namna mbili. Yupo yule wa kwanza, mwenye sauti na daftari la majina, na huyo kila mtu amjua na sina haja ya kumweleza. Wa pili ni yule mwema ambaye hufanya kila kitu mwenyewe, naye tunamsifu mno, na nadhani ndiye anayetuharibia zaidi.

Mwaka huu tulikuwa na kiranja mkuu wa namna hii ya pili. Ni rafiki yangu, naye amesoma maneno haya kabla sijayaleta kwako, Bwana Mhariri. Aliamka kabla ya kengele na kulala baada ya wote. Alihesabu sahani, aligawa majembe, aliandika zamu za kufagia, alitunza funguo za stoo, za maktaba na za chumba cha mipira. Tukimtaka mtu wa kazi, twasema, "Kiranja atafanya." Kisha malaria ikamlaza siku 4. Siku 4 zile maktaba haikufunguliwa, majembe hayakutoka, na wasaidizi wake 2, ambao ni vijana wenye akili timamu, walisimama mlangoni kama wageni. Hapana aliyewakataza kufanya kazi. Hawakujua tu funguo zakaa wapi.

Katika Kitabu cha Kutoka twasoma jinsi Yethro alivyomkuta mkwewe Musa akiwaamua watu tangu asubuhi hata jioni, akamwonya kwamba atajichosha bure, yeye na watu pia, na kwamba achague watu wa kuwaweka juu ya maelfu, mamia, hamsini na makumi. Musa alikuwa mtu mkubwa kuliko kiranja wetu, na hata hivyo alilikubali shauri la mkwewe. Nimefurahi kwamba aliyetoa shauri lile alikuwa mgeni tu aliyekuja kuwasalimu. Mara nyingi aliye nje ndiye aonaye.

Sisi wa mchepuo wa lugha tulipojifunza habari za Mwalimu Nyerere, jambo moja lilinishangaza kuliko hotuba zake zote. Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, naye akiwa Waziri Mkuu. Mnamo Januari 1962, wiki 6 tu baadaye, akajiuzulu, akamwachia Rashidi Kawawa cheo hicho, akaenda kukijenga upya chama chao cha TANU huku na huku nchini. Alirudi mwisho wa mwaka ule akiwa Rais. Na katika mwaka 1963, nchi ikiwa changa na kazi zikiwa tele, ikachapishwa tafsiri yake ya mchezo wa Shakespeare wa Julius Caesar. Mwaka 1969 ikafuata Mabepari wa Venisi. Niliuliza darasani: Rais apata wapi saa za kutafsiri mashairi? Mwalimu wetu alijibu kwamba labda swali ni kinyume chake, angewezaje kuwa Rais miaka mingi bila saa kama zile. Mwaka 1985 akaondoka katika urais, akampisha Ali Hassan Mwinyi. Wapo wasemao kwamba hakuachia kabisa, kwa kuwa alibaki mwenyekiti wa chama hadi 1990, na hoja hiyo ina uzito wake. Lakini kupanda mchongoma kushuka ndiyo ngoma, na waliojua kushuka Afrika hii si wengi hata tuwadharau.

Nchini kwetu tunayo imihigo. Tangu 2006 wakuu wa wilaya huweka ahadi zao kwa maandishi mbele ya Rais wa Jamhuri, na mwisho wa mwaka hupimwa. Desturi hii imeshuka hata kwetu darasani, na kila mmoja huandika alama anazokusudia kupata. Ni desturi nzuri sana, maana mtu aliyeandika hawezi kusema hakuahidi. Shaka yangu ni moja. Twaandika lile linalohesabika, na lisilohesabika twaliacha. Nimesoma imihigo ya wenzangu ukutani: hesabu 80, fizikia 75, baiolojia 82. Sijaona hata mmoja aliyeandika kwamba atalala, au kwamba atampelekea salamu bibi yake, au kwamba atamfundisha mdogo wake wa kidato cha kwanza kufua shati. Basi mambo hayo, kwa kuwa hayakuandikwa, ndiyo ya kwanza kutupwa wakati ukiwa mfinyu. Jumatano alasiri nayo haimo katika imihigo ya mtu yeyote, na nadhani hiyo ndiyo sababu imekuwa rahisi kuipeleka machinjoni.

Watu wazima wenyewe wameanza kulitambua jambo hili. Baraza la Mawaziri liliamua Novemba 2022 kwamba kuanzia Januari 2023 ofisi zianze kazi saa 3 asubuhi hadi saa 11 jioni, na masomo yaanze saa 2 na nusu, ili kazi ifanyike vizuri zaidi na familia zipate nafasi. (Sisi wa bweni habari hiyo tuliisikia redioni tu, kengele yetu haina redio.) Hata umuganda wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, kazi ambayo taifa zima hushika majembe, una saa yake ya kuanza na saa yake ya kukoma, kisha watu hukaa wakazungumza. Sijamsikia mtu akisema kwamba kwa kuwa kazi ni njema, basi tulime mpaka Jumapili.

Kwenu wanafunzi wa zamani nina ombi. Mkija kututembelea siku yenu, mwatusimulia jinsi mlivyotaabika: mlitembea kwa miguu kutoka mbali, mlisomea mwanga wa koroboi, maharagwe yalikuwa na mawe. Twawasikiliza kwa heshima, na wadogo zetu hutoka pale wakiamini kwamba asiyeteseka hatafaulu. Safari nyingine tuambieni pia mlilala saa ngapi, mlicheza nini, ni rafiki gani mliyempata kiwanjani ambaye mpaka leo hukopeshana naye fedha. Na kwa kuwa nazungumza nanyi, wavu wa voliboli umechakaa. Macho yake yamekuwa makubwa hata mpira wapita katikati, nasi hubishana kama ni bao au si bao. Angalau hapana atakayetukamata kwa kaningini.

Sasa, wenzangu wa darasa la mtihani la mwaka ujao mtasema: maneno mengi, lakini saa za kusoma twazihitaji kweli, tuzitoe wapi? Nami nakubali zahitajika. Nimezitafuta, na nimezipata mahali ambapo hapana aliyetazama. Wiki 2 nilichukua saa yangu nikapima foleni ya chakula: uji wa asubuhi, chakula cha mchana na cha jioni. Kwa wastani mtu husimama dakika 25 kila mara. Hizo ni dakika 75 kwa siku, na kwa siku 6 za kazi ni saa 7 na nusu. Jumatano alasiri yote, tangu saa 8 na nusu hadi saa 11, ni saa 2 na nusu. Tukiipunguza foleni nusu tu, tumepata saa 3 na dakika 45 kila wiki, na bado mpira tumecheza.

Foleni ni ndefu kwa sababu wote twapita mlango mmoja, na kiranja mmoja ndiye ahesabuye sahani. Chumba cha kulia kina mlango wa pili, upande wa bustani, ambao sijapata kuuona wazi tangu nilipofika hapa kidato cha kwanza. Niliwauliza wapishi, wakasema wao hawana neno, masufuria yaweza kugawanywa mara mbili ikiwa watapatikana wa kuhesabu upande wa pili. Viranja wa madarasa wako 12. Wakigawana zamu wawili wawili, kila mmoja atasimama siku 1 tu kwa wiki, na kiranja mkuu atakula chakula chake kikiwa moto, jambo ambalo rafiki yangu hajalipata mwaka mzima.

Ufunguo wa mlango ule uko ofisini, umetundikwa katika msumari wa tatu kutoka dirishani. Una kutu kidogo, lakini nimeujaribu, nao wazunguka.